Jina la Mungu katika Sarafu za Unguja

Wenye kuichungua historia ya dini katika pwani yetu wamezoea kuitafuta katika misikiti, makaburi na hati za mkono. Sarafu wamewaachia wafanya biashara na wakusanyaji wa vitu vya kale. Lakini sarafu ni andiko lililopita katika mikono mingi zaidi kuliko kitabu chochote, na hata mtu ambaye hakupata kukaa chuoni aliishika kila siku. Katika makala haya twataka kueleza ni maneno gani na alama gani za dini zilizotiwa juu ya fedha iliyotumika Unguja tangu zama za Unguja Ukuu hata enzi ya masultani wa ukoo wa Busaidi, na jinsi wenyeji walivyozipokea. Tutaona ya kuwa watawala wa pwani walipotoa sarafu zao wenyewe walimtaja Mungu kwa maandishi. Na fedha za wageni zilipowajia, zikiwa na sanamu za watu na alama za Kikristo, wenyeji hawakuzikataa, bali walizipima na kuzipa majina ya Kiswahili.

Tuanze na Unguja Ukuu, mji wa kale ulio kusini ya kisiwa. Katika miaka ya 1860 ilifukuliwa huko akiba ya sarafu za dhahabu. Akiba hiyo ilitawanyika, na iliyoingia katika maandishi ya wataalamu pamoja na tarehe yake ni dinari moja ya mwaka 182 wa Hijra, yaani 798 au 799, yenye jina la Jaafar, waziri wa Khalifa Harun al-Rashid. Dinari ya namna hiyo haina picha yoyote. Tangu Khalifa Abd al-Malik alipoitengeneza upya fedha ya Kiislamu mwaka 77 wa Hijra, dhahabu ya makhalifa ilikuwa ni maandishi matupu, na katika dinari za zama za Harun al-Rashid maandishi hayo ni haya: katikati ya upande mmoja, tamko la upweke wa Mungu, upande wa pili, utume wa Muhammad, na ukingoni, maneno yaliyotolewa katika aya ya 33 ya Sura ya Tawba. Basi mtu wa Unguja Ukuu aliyeipokea dinari hiyo alikuwa ameshika nguzo ya kwanza ya dini katika kiganja cha mkono.

Sarafu hiyo, hata hivyo, ilitoka ng'ambo. Zilizo muhimu zaidi kwetu ni zile walizozitoa watawala wa pwani wenyewe. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, ilionekana akiba kubwa: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo sana na nyembamba, pamoja na chache za dhahabu zilizotoka katika nchi za Kiislamu za mbali. Zile za fedha zina majina ya watawala wa pwani, miongoni mwao Ali bin al-Hasan. Hazina tarehe wala jina la mji zilikotolewa. Upande mmoja pana jina la mtawala. Upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mungu. Jambo linalostahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha ni kwamba pande hizo mbili zina vina: neno la mwisho la sifa ya Mungu hufuata sauti ya jina la mtawala, hata sarafu nzima ikawa kama ubeti mdogo wa Kiarabu, nusu yake mbele na nusu yake nyuma. Ili kuusoma ni lazima mtu aigeuze sarafu mkononi.

Desturi hiyo iliendelea Kilwa kwa muda wa karne kadha, katika sarafu za shaba zilizochunguzwa na John Walker wa Jumba la Makumbusho la Uingereza katika miaka ya 1930, na baadaye na G. S. P. Freeman-Grenville. Hata al-Hasan bin Suleiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu wake, aliufuata mtindo huo huo. Yafaa tukumbuke vile vile kwamba msikiti wa Kizimkazi, kusini ya Unguja, una maandishi ya Kikufi katika kibla chake yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Akiba ya Mtambwe ilifukiwa katika karne iliyotangulia. Hivyo visiwa hivi vyatupa mashahidi wawili wa karibu zama moja: jiwe lililochongwa kwa ajili ya wenye kusali, na fedha iliyoandikwa kwa ajili ya wenye kuuza na kununua. Wote wawili wametumia herufi, wala hapana hata mmoja aliyetumia sanamu.

Sasa twapita karne kadha na kufika katika Mji Mkongwe wa karne ya 19, wakati wa karafuu na pembe. Hapa mambo yamegeuka. Fedha kubwa ya soko ilikuwa reale ya Austria yenye sura ya Malkia Maria Theresa na mwaka 1780, mwaka aliokufa, ambayo iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo miaka mingi baada yake. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na sehemu tano katika sita ni fedha safi. Juu yake pana kichwa cha mwanamke, na nyuma tai mwenye vichwa viwili. Maandishi yake ya Kilatini, yaliyokatwa kwa ufupi, yasema kwamba anatawala kwa neema ya Mungu. Na ukingoni mwake pana maneno mawili yenye maana ya haki na huruma. Reale ya Kihispania nayo ilikuwa na dai hilo hilo la neema ya Mungu, pamoja na ngao ya mfalme baina ya nguzo mbili.

Mtu angeweza kutazamia kwamba mji wa Waislamu, wenye masheikh na makadhi wa Kiibadhi na wa Kisunni, ungeona uzito kutumia fedha kama hiyo. Lakini mahari yalitajwa kwa reale, na bei ya shamba ilihesabiwa kwa reale. Sababu yake ni rahisi. Katika sheria, fedha hutazamwa kwa uzito na usafi wake. Ndivyo zaka inavyohesabiwa, na ndivyo riba inavyoepukwa. Kilichopigwa juu yake hakibadili hukumu. Sonara na mbadili fedha waliitia mizanini, na mizani haikuuliza sanamu ni ya nani.

Lugha ya wenyeji ilifanya zaidi ya hayo. Edward Steere, aliyetoa kitabu chake cha lugha ya Unguja mwaka 1870, ameyahifadhi majina yaliyotumika madukani. Reale ya Austria iliitwa reale ya Sham, au fedha ya Sham. Ile ya Kihispania iliitwa reale ya mzinga, kwa kuwa zile nguzo mbili, ambazo kwa Wahispania zilikuwa alama ya mlango wa Bahari ya Kati, wenyeji waliziona kuwa ni mizinga. Hapa twaona akili ya lugha ikifanya kazi yake. Malkia Mkristo amepotea katika jina, na mahali pake pamewekwa nchi ambayo kila mwenye chuo aliijua kwa sifa. Nguzo za wafalme zimekuwa silaha iliyoonekana kila siku mbele ya ngome ya Unguja. Sanamu haikuvunjwa, imepewa tafsiri.

Mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, Sayyid Barghash bin Said alitoa sarafu zenye jina lake: reale za fedha, chache za dhahabu, na pesa za shaba kwa wingi. Jambo hili halikuwa la biashara peke yake. Katika desturi ya dola za Kiislamu, alama mbili za mamlaka ni kutajwa jina la mtawala katika hotuba ya Ijumaa na kupigwa jina lake katika sarafu. Barghash alitoa sarafu zake wakati mataifa ya Ulaya yanaanza kuizunguka nchi yake. Miaka minne baadaye, mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mipaka ya bara, na mwaka 1890 Unguja ikawekwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Juu ya sarafu hizo hamna sura ya sultani. Kuna jina lake na ukoo wake, kisha dua ya kumwombea hifadhi ya Mungu. Ni mtindo wa Mtambwe na Kilwa katika maana, ingawa vina havimo tena.

Nyuma ya pesa ya shaba, hata hivyo, pana picha moja, nayo ni mizani. Picha hiyo haikuzaliwa Unguja. Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki iliitia katika shaba yake ya Bombay tangu mwisho wa karne ya 18, pamoja na neno la Kiarabu lenye maana ya uadilifu baina ya vitanga viwili. Lakini yeyote aliyesoma Kurani aijua mizani: ni ya sokoni, na ni ya Siku ya Hukumu pia. Katika picha zote zilizokuwa zikizunguka baharini, hiyo ilikuwa rahisi kuliko zote kupokewa na Waislamu. Na ni sarafu hiyo ndogo, si ya dhahabu wala ya fedha, iliyosaidia kulieneza neno pesa, lenye asili ya Kihindi, hata leo likawa jina la fedha yote.

Hapa lazima tujihadhari na hukumu ya haraka. Mtu aweza kusema kwamba masultani waliogopa sanamu. Lakini mwaka 1896 stampu za Unguja zilitolewa zikiwa na sura ya Sayyid Hamed bin Thuwain, na warithi wake wakafuata. Sarafu za Sayyid Ali bin Hamud za mwaka 1908 zina mti wa mnazi, wala hazina sura yake. Kwa hiyo haikuwa chuki ya picha kwa jumla. Stampu ilikuwa kitu kipya kilichokuja na posta ya kizungu. Sarafu ilikuwa na sunna yake ya kale, na sunna hiyo ilitaka jina.

Baada ya reale ilitawala rupia ya Kihindi, na mwaka 1936 ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki. Fedha za zamani hazikutoweka mara moja. Nyingi ziliingia majumbani. Pauni ya dhahabu ya Kiingereza, ambayo nyuma yake ni Mtakatifu George akimwua joka, ilivaliwa na wanawake wa Kiislamu wa pwani katika vidani na mikufu. Waliitazama kuwa ni dhahabu ya uzito unaojulikana, yenye kuuzika siku ya shida.

Hapa ndipo penye hatari kwa elimu yetu. Dhahabu na fedha huyeyushwa na sonara, na kila kinachoyeyushwa ni andiko lililochomwa. Na sarafu inayouzwa moja moja, bila kuandikwa ilikotoka, imekwisha kupoteza nusu ya habari zake. Mwaka 1944 sarafu tano za shaba za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Hali zilimokuwa zimelala haikuandikwa kwa ukamilifu, na kwa sababu hiyo wataalamu wangali wakibishana zilifikaje huko. Akiba ya Mtambwe ni kinyume chake. Ilichunguzwa pamoja, na dhahabu yenye tarehe ilikuwa imelala na fedha isiyo na tarehe. Kabla ya hapo Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, alimweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Baada ya Mtambwe, Mark Horton na wenzake wamemrudisha hata karne ya 11. Historia ya Kilwa imesogea zaidi ya miaka 100 kwa sababu vitu vidogo havikutenganishwa.

Kwa hiyo mwenye kukusanya sarafu hizi, awe wa Mji Mkongwe au wa ng'ambo, aandike mambo matatu kabla ya kusafisha kitu: mahali ilipoonekana, vitu vilivyokuwa pamoja nayo, na jina ambalo wazee wa mahali hapo huiita. La tatu si dogo kuliko mengine. Chuma cha kupigia sarafu kilionyesha yale aliyoyataka mtawala, lakini jina la sokoni ndilo lituonyeshalo walivyoiona waliotumia. Tukipoteza neno reale ya mzinga, tutabaki na fedha ya Kihispania katika kabati, wala hatutajua tena kwamba ilipata kuwa ya Waswahili.