Nyumba Yetu ya Kiponda



Nimeombwa niandike machache juu ya Unguja niliyoikuta mwaka 2023. Niliiacha mwaka 1986, nikiwa na umri wa miaka 26, nikaja kuhudumu serikalini hapa Maskati hadi kustaafu.

Nilianzia Forodhani. Bustani, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, inapendeza. Nikainua macho kuutafuta mnara wa saa wa Beit al-Ajaib, uliokuwa alama yetu ya kurudia nyumbani, sikuuona. Jumba hilo, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, lilisalimika na mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Lakini tarehe 25 Disemba 2020, bila ya mzinga wowote, mnara na sehemu ya jumba viliporomoka, na mafundi wawili wakafariki.

Nikaingia vichochoroni hadi Kiponda. Katika nyumba ya babu nilikuta kuta tatu, na mpapai umeota palipokuwa jiko. Bibi mmoja jirani, aliyenitambua kwa sura ya marehemu baba, aliniambia: "Mwanangu, hakuna aliyeivunja. Paa lilitoboka, na wa kuliziba hakuwepo."

Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake hulala juu ya boriti za mikoko. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Mvua ya masika ikipenya, boriti huoza na ukuta hufumuka. Baada ya mwaka 1964 wenye nyumba wengi walihama, na nyumba nyingi zilitaifishwa zikapangishwa kwa kodi ndogo isiyotosha matengenezo. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO iliutia mji katika Urithi wa Dunia. Tangu hapo majumba kadhaa yamegeuzwa hoteli. Yamesimama imara, ila kwenye baraza zake hawakai tena wazee wa mtaa.

Yetu lakini haikutaifishwa. Tuliirithi sisi, tuliotawanyika Maskati, Dubai na London. Mwaka 1994 ami yangu aliniandikia akiomba mchango wa kulitengeneza paa. Nilijibu kwamba nitaleta, kisha nikangoja wengine watangulie. Nao, nilivyokuja kujua, walikuwa wakiningoja mimi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa hatukuuziba, na ukuta hatujaujenga.

Kiwanja bado ni chetu. Naomba tusiagane katika mkutano huu kabla ya kukata shauri: tujenge, au tukitoe wakfu. Na wazee wetu waliobaki wawaeleze watoto nani alizaliwa chumba kipi, maana vyumba vyenyewe havipo tena. Mchango wangu wa mwaka 1994 nimekuja nao.