Kifaru na Vitu Wageni: Historia Fupi ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Mtu atamkapo neno "vitabu" hadhani kuwa anafanya jambo la ajabu. Walakini katika Kiarabu, neno hili lilikotoka, herufi ya k ni sehemu ya mzizi wenyewe. Waswahili ndio walioiona "ki" kuwa kiambishi cha ngeli, wakaibadili katika wingi. Jambo la namna hiyohiyo limetukia katika lugha za kompyuta, nazo hazina wasemaji.

Lugha tuzikusudiazo hapa ni Java na JavaScript. Majina yao yanadanganya, kwani hazina unasaba. Java ilitangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mnamo Mei 1995. JavaScript ilibuniwa na Brendan Eich wa Netscape mwaka huohuo, ikapewa jina lake mwezi wa Desemba kwa sababu za kibiashara zaidi kuliko za kitaaluma. Java ni kali: kila kitu sharti kiwe na aina yake. JavaScript ni lugha ya skripti, yaani maagizo yasomwayo na kutekelezwa papo hapo. Mwaka 1996 toleo la tatu la kivinjari cha Netscape lilitoka na daraja lililoitwa LiveConnect, ambalo kwalo skripti iliweza kuita vitu vya Java. Mwaka uliofuata ukaanza mradi wa kuiandika JavaScript nzima kwa Java. Uliitwa Rhino, maana yake kifaru, kwa kuwa mnyama huyo alichorwa juu ya jalada la kitabu mashuhuri cha lugha hiyo.

Kitu cha Java kiingiapo katika skripti ya Rhino hakigeuzwi. Huvikwa ganda tu. Kitendo kiitwacho "getName" huweza kutajwa "name", kana kwamba ni sifa: "get" imehesabiwa kuwa kiambishi awali, ikadondoshwa. Hapa ndipo ninapokumbuka "kitabu".

Si kila mgeni azoeaye upesi. Urefu wa mfuatano wa herufi ni kitendo katika Java, bali katika JavaScript ni sifa. Aliyeandika "length" bila mabano juu ya neno lililotoka Java alipewa kitendo chenyewe badala ya idadi. Hatari zaidi ni namba. JavaScript ya siku zile ilikuwa na aina moja tu ya namba, nayo haiwezi kushika kwa usahihi kila namba kamili ipitayo 9,007,199,254,740,992. Java ina aina ifikayo mbali zaidi. Namba ya malipo yenye tarakimu 18, ikifanyiwa hesabu ndani ya skripti, huweza kutoka na tarakimu za mwisho zilizobadilika, wala hapana kengele itakayolia.

Tukiite nini basi kitu hiki? Wapo watakaovutwa na "yambwa", kwa kuwa sarufi yetu imekwisha kulizoea. Kwa maoni yangu litapotosha. Yambwa hutendwa, kitu cha kompyuta kina vitendo vyake chenyewe. "Kitu" latosha, hata kama ni neno la sokoni. Na kile kilichotoka lugha nyingine? "Kitu cha mkopo" hakifai, maana kilichokopwa hutumiwa na aliyekopa apendavyo. Napendekeza "kitu mgeni": yumo nyumbani mwa mwenyeji, lakini adabu zake ni za kwao.

Neno mwenyeji nalo lina kisa chake. Rhino aliingizwa katika Java 6 mnamo Desemba 2006. Mwaka 2014, katika Java 8, nafasi yake ilichukuliwa na Nashorn, ambalo ni neno la Kijerumani lenye maana ileile ya kifaru. Skripti zilizoita vifurushi vya Java kwa agizo la "importPackage" zilikwama, mpaka faili maalumu la upatanishi lilipopakiwa kwanza. Kifaru wa pili naye alitangaziwa kustaafu mwaka 2018, akaondolewa katika Java 15 mwaka 2020. Na wenye skripti zao walilazimika kumtafuta kando, nje ya Java yenyewe, na kumwingiza kwa mikono yao.