Mbwa kutoka Kenya huhitaji miezi minne kabla ya kuruhusiwa Uingereza

FAMILIA inapohamia Uingereza, tiketi za watu huweza kupatikana kwa siku moja. Mbwa wa nyumbani ana hesabu yake. Akitoka Kenya, maandalizi yake huchukua takriban miezi minne, na hakuna malipo yanayoweza kuufupisha muda huo.

Chanzo ni kichaa cha mbwa. Kenya haimo katika orodha ya mataifa ambayo wanyama wake huingia Uingereza bila kupimwa damu.

Kwanza, daktari wa mifugo hutia chipu ya utambulisho chini ya ngozi ya mnyama, ndipo amdunge chanjo akiwa ametimiza angalau majuma 12. Utaratibu huu haugeuzwi. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi hata ikiwa ya juzi, na ni uchungu kuligundua kosa hilo mizigo ikiwa imekwisha kufungwa.

Siku 30 au zaidi baada ya chanjo, damu hutolewa na kupimwa katika maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya. Matokeo yakiridhisha, mnyama hungoja miezi mitatu tangu siku damu ilipotolewa. Mwenye kuzingatia tarehe za kurudia chanjo hahitaji kurudia kipimo hicho. Kwa hivyo, anayetarajia kuhamishwa kikazi afadhali akifanye mapema, hata kabla ya kujua siku ya safari.

Mbwa pia hupewa dawa ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuwasili. Paka amesamehewa hilo. Anayefika pasipo kutimiza masharti huweza kuwekwa karantini hadi miezi minne, na gharama zote ni za mwenyewe.

Kuhusu nauli, wengi hukadiria kwa uzani wa mbwa, na hapo ndipo hesabu huwapotea. Wanyama wanaoingia Uingereza kwa ndege kwa kawaida husafirishwa kama shehena, isipokuwa mbwa wa kuwaongoza vipofu na wenzao wa kazi kama hiyo. Shehena hutozwa kwa uzani halisi au kwa nafasi inayochukua, kutegemea kipi kimezidi. Urefu, upana na kimo cha kizimba kwa sentimita huzidishwa, kisha hugawanywa kwa 6,000. Kizimba cha sentimita 90 kwa 60 kwa 65 huhesabiwa kuwa kilo 58.5, ingawa mbwa na kizimba chake havifikii kilo 40.

Kupunguza kizimba si dawa. Mnyama sharti aweze kusimama wima, kugeuka na kulala kwa raha. La sivyo, shirika la ndege humkataa pale pale uwanjani.

Mbwa wenye pua bapa, kama vile Pug na Bulldog, hukataliwa na mashirika kadhaa kwa sababu hupumua kwa shida, hasa penye joto. Vilevile, dawa za kulevya usingizi haziruhusiwi na mashirika mengi, kwani huweza kumdhuru mnyama akiwa angani, mahali asipoweza kufikiwa na daktari.