Prolog: lugha ya kompyuta iliyozaliwa na sarufi

Mwaka 1972, mjini Marseille, kusini mwa Ufaransa, kompyuta ilipewa maelezo machache kwa Kifaransa cha kawaida. Iliambiwa kwamba kila daktari wa akili ni mtu, kwamba kila anayetibiwa naye ni mgonjwa, na kwamba Jacques ni daktari wa akili wa Marseille. Ikaulizwa: Jacques ni mtu? Ndiyo. Yuko wapi? Marseille. Je, ni mgonjwa? Ikajibu kwamba haijui. Ilikuwa na haki, kwani hakuna aliyeiambia kama Jacques naye anatibiwa.

Programu hiyo, yenye kanuni zipatazo 600, iliandikwa na Alain Colmerauer, Robert Pasero na Henry Kanoui kwa lugha aliyoibuni Colmerauer pamoja na Philippe Roussel: Prolog, jina lililopendekezwa na mke wa Roussel. Leo wanafunzi huikuta Prolog katika masomo ya mantiki na akili mnemba, wakadhani ni kazi ya wanamantiki watupu. Kumbe aliyeiongoza alianza kwa kuhangaika na sarufi.

Colmerauer alizaliwa Carcassonne mwaka 1941, akasoma Grenoble, kisha mwaka 1967 akaenda Chuo Kikuu cha Montréal. Kanada ina lugha rasmi mbili, na kutafsiri kwa kompyuta ilikuwa haja ya nchi. Huko alibuni Q-Systems, mfumo wa kuandika kanuni za kuchambua sentensi na kuzigeuza. Yeye alikwisha kuondoka pale mfumo huo ulipotumika kujenga TAUM-Météo, programu iliyotafsiri utabiri wa hali ya hewa kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa.

Aliporudi Ufaransa alimwalika Robert Kowalski wa Edinburgh, mwaka 1971. Kowalski alikuwa mtaalamu wa namna ya kuifanya mashine ithibitishe hoja, akiendeleza mbinu aliyoichapisha Alan Robinson mwaka 1965. Sarufi na mantiki zilipokutanishwa, jambo moja likadhihirika: ukiandika kanuni za sarufi kama kauli za mantiki, kuichanganua sentensi ni sawa na kuithibitisha.

Tuijaribu kwa Kiswahili. Kanuni itasema: sentensi ni nomino ikifuatwa na kitenzi, mradi ngeli yao iwe moja. Ngeli yenyewe haitajwi, inaachiwa nafasi wazi. Kompyuta ikikuta “kitabu”, nafasi ile hujazwa KI; tangu hapo “kimeanguka” hupita na “vimeanguka” hukataliwa. Tena kanuni hiyohiyo, bila kubadilishwa hata nukta, yaweza kutumika kutunga sentensi badala ya kuichambua. Colmerauer aliita sarufi za aina hii sarufi za metamofosi. Mwaka 1980 Fernando Pereira na David Warren walichapisha muundo mwepesi zaidi, ambao ndio uliozoeleka.

Sifa ya Prolog ilivuka bahari. Mwaka 1982 Japani ilianzisha mradi mkubwa wa kompyuta za kizazi cha tano na kuujenga juu ya programu za kimantiki. Mradi haukufika ulikotarajiwa, na umaarufu wa Prolog ukapungua. Colmerauer hakutetereka: katika Prolog III aliiwezesha lugha yake kushughulikia milinganyo ya hesabu pamoja na mantiki. Alifariki Marseille Mei 2017.

Mashine za lugha za siku hizi hazifundishwi kanuni. Hujisomea zenyewe rundo kubwa la matini. Lakini njia ya kanuni haijafa. Mwaka 2011 kompyuta ya Watson ya IBM, iliyowashinda mabingwa wa chemshabongo Marekani, ilitumia Prolog kuchambua maswali. Kiswahili nacho kilichambuliwa kwa kanuni, ingawa kwa zana nyingine, katika kazi ya Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki tangu miaka ya 1980. Anayeandika kanuni hahitaji matini nyingi ili aanze. Na mashine ikikosea, anaweza kuonyesha kanuni iliyoipoteza na kuirekebisha.