Mizani ya Ubongo: Kutoka Mathari hadi Manyatta

Mtaa wa Manyatta, mashariki mwa jiji la Kisumu, umeingia katika historia ya vipimo vya ubongo bila kelele nyingi. Pamoja na Karemo katika kaunti ya Siaya, umekuwa eneo la mradi wa CHAMPS, ambao KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na washirika wake wanautumia kutafuta chanzo halisi cha vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anapofariki, wazazi huombwa ruhusa. Wakikubali, sindano huchukua vipande vidogo vya tishu za mapafu, ini na ubongo, mwili hurudishwa ukazikwe, na baadaye wazazi huelezwa kilichomuua mwana wao. Naanza na sindano hii kwa sababu madaktari wa serikali ya kikoloni walipoupima ubongo wa Mkenya, swali lao halikuwa kilichomuua, wala namna ya kuwaokoa wadogo zake. Walitaka kujua kama alikuwa na akili za kutosha, au aliongozwa na hisia tu. Vyombo vyao vilikuwa na kasoro, lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa imani kwamba hisia na fikra ni maadui, na kwamba kila rangi ya watu imegawiwa fungu lake.

Mwaka 1934 F. W. Vint, mwanapatholojia wa serikali jijini Nairobi, alichapisha matokeo ya kupima bongo 100 za Waafrika. Wastani wa uzito alioupata ulikuwa gramu 1,276. Akaulinganisha na gramu 1,428 za Mzungu, kana kwamba maiti wa hospitali, waliokwisha kudhoofishwa na maradhi, ni kielelezo cha umma mzima. Daktari J. C. Carothers, aliyekabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938 bila kusomea magonjwa ya akili, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1951 aliandika kwamba mwenendo wa Mwafrika unafanana na wa Mzungu aliyefanyiwa leukotomia, yaani upasuaji wa kukata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alipitia pia vipimo vya EEG, yaani vya mawimbi ya umeme wa ubongo, ambavyo Hans Berger wa Ujerumani alivitangaza mwaka 1929. Uamuzi wake haukubadilika: Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Aliamini pia kwamba anayeacha kwao na kuishi ugenini kwa ajili ya kazi yumo hatarini zaidi kurukwa na akili. Kwa hesabu hiyo Manyatta, makazi yaliyokua nje ya mpaka wa mji wa kikoloni hadi yakaingizwa mjini mwanzoni mwa miaka ya 1970, yangehesabiwa kuwa kitalu cha wendawazimu.

Atakuwepo wa kusema kwamba tunawahukumu watu wa zamani kwa elimu ya leo. La hasha. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria aliyapinga madai haya kwa hoja za kitaalamu, na mwaka 1961 Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili, akayaanika kama silaha ya ukoloni. Mwingine atasema mashine haina ubaguzi. Ni kweli, lakini mashine haitoi maana. Mawimbi ya EEG hubadilika mtu anaposinzia, anapokuwa na homa, sukari inapopungua mwilini. Mchoro ni ukweli; kusema kwamba mchoro huo ni wa rangi fulani ya watu ni dai linalohitaji ushahidi wake.

Nao ushahidi wa kuipinga imani kwamba hisia na fikra ni maadui ulikuwepo kando ya Ziwa Victoria tangu zamani. Katika tero buru ya Wajaluo, mzee anapofariki, wanaume hubeba mikuki na kuswaga ng'ombe, wakiimba na kupiga kelele ili kukifukuza kifo. Mgeni huona vurugu za hisia. Lakini katika matanga hayo hayo wazee huketi kupanga mambo ya mjane, mirathi na madeni, kazi inayodai kumbukumbu na hesabu kali. Kuanzia mwaka 1974 mwanafalsafa Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Nyanza, aliwahoji wazee wenye hekima, akiwemo Paul Mbuya Akoko, akaonyesha kwamba walizichambua mila zao wenyewe kwa hoja. Sayansi nayo imefika huko huko. Mwaka 1994 mtaalamu wa ubongo Antonio Damasio alieleza habari za wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo: akili zao katika mitihani zilikuwa nzima, ila hisia zilikuwa zimefifia, nao wakashindwa kuamua hata mambo madogo ya maisha. Kumbe sehemu ile ambayo Carothers aliifanya kiti cha akili tupu ndiyo inayokutanisha hisia na uamuzi.

Hayo hayatupi sababu ya kuitupa EEG. Huko Kilifi, mtafiti Michael Kihara na wenzake waliwavika watoto vihisio kichwani, wakawasikilizisha milio iliyozoeleka na ya kushtukiza, na kusoma jinsi ubongo unavyoitikia. Walianza na watoto wazima wa Kenya, ili mtoto aliyeumizwa na malaria kali alinganishwe na jirani yake, si na mtoto wa London. Hilo lina uzito wa pekee kwa pwani ya Ziwa Victoria, ambako malaria imeua na kulemaza watoto kwa vizazi. Basi mkazi wa Manyatta anapofikiwa na mpimaji, awe na sindano au na mashine, ana haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi: mnanilinganisha na nani, matokeo nitayapata lini, na yatamponya nani? Mtafiti asiyeweza kuyajibu asiruhusiwe kupima.