Kwa Mashimba, Kwa Shiku: Koo Zilizofungua Ardhi ya Igunga

Majina ya mahali katika Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, yamehifadhi habari za wakulima wa kwanza kuliko daftari lolote. Mwamashimba, Mwamashiga na Mwashiku ni kata za wilaya hiyo, na zote zinaanza na "mwa", ambayo kwa Kisukuma hutamkwa "ng'wa", yaani kwa mtu fulani. Mwamashimba ni kwa Mashimba. Kwa kawaida jina la namna hii huzaliwa pale ambapo kaya moja imejenga porini peke yake. Wapita njia huelekezana kwa jina la mwenye mji, wanaohamia baadaye hulikuta likitumika, na mwishowe serikali huliandika kwenye ramani. Wajukuu wa mwanzilishi huweza kutawanyika, lakini jina hubaki palepale.

Heshima ya mtu aliyefyeka pori ni ya kale huko Unyamwezi na Usukumani. Hata cheo cha mtawala, ntemi, hutokana na kitenzi kutema, kukata. Wapo wazee wanaosema kinachokatwa ni mashauri, wengine husema ni miti ya pori la kwanza, na maana ya pili inaafikiana vizuri na simulizi za koo nyingi za watawala, ambamo mwindaji hufuata wanyama, hukuta maji na ardhi nzuri, kisha huwaita ndugu zake.

Hata hivyo, kufungua pori kulihitaji amani, na karne ya 19 haikuwa nayo. Vijana wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani wakati wa kiangazi na kujitahidi kurudi kabla ya mvua za kulima. Vita vya Mirambo, aliyefariki 1884, na vya watawala wenzake viliwalazimu watu kuishi wamesongamana ndani ya maboma, wakilima mashamba ya karibu tu kwa hofu ya rugaruga, wapiganaji wa watawala hao. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe kwa wingi. Mwaka 1893 Isike, mtemi wa Unyanyembe, alishindwa na Wajerumani, na baada ya hapo maboma yalianza kupoteza kazi yake. Kaya zilitoka moja moja kutafuta nafasi. Lakini mahali ambapo watu na mifugo walikuwa wametoweka, vichaka vilikuwa vimerudi na mbung'o pamoja navyo, na tangu miaka ya 1920 Waingereza waliwahamisha watu wengi wa Tabora katika makazi ya pamoja ili kuwakinga na malale.

Mashariki mwa Igunga kuna mbuga ya Wembere, tambarare ya udongo mweusi inayofurika masika na kupasuka nyufa kiangazi, ambako Wataturu wamechunga kwa muda mrefu. Wajerumani waliipima wakitaka kuleta maji ya Ziwa Victoria na kuanzisha kilimo kikubwa cha pamba, na vita ya 1914 ikakatiza mpango huo. Pamba ilikuja kuenea kwa njia nyingine kabisa: kwa jembe la mkono na plau ya ng'ombe, kaya baada ya kaya.

Wengi wa wenye kaya hizo walikuwa Wasukuma kutoka kaskazini. Kufikia katikati ya karne ya 20 maeneo ya kale ya Usukumani yalikuwa yamejaa watu na ng'ombe, na kilimo kilikuwa kimekula malisho. Kuelekea kusini kulikuwa na nafasi, na lugha za wenyeji zilikuwa karibu kiasi cha kuelewana. Mkuu wa kaya hakuhama na wote kwa mara moja. Alitangulia, mara nyingi na kijana wake mkubwa, akafikia kwa mwenyeji anayemfahamu, akapelekwa kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, aliyekuwa na mamlaka ya kugawa ardhi. Ardhi haikuuzwa. Aliyeilima alikuwa na haki nayo, na aliyehama aliiacha mikononi mwa kijiji.

Elimu kubwa ya mkuu huyo wa kaya ilikuwa ya udongo, na inastahili kuhesabiwa kuwa elimu kamili. Luseni, kichanga cha miinuko, ilifaa viazi, karanga na uwele. Itogolo, chini kidogo kwenye mteremko, ilikubali mtama na mahindi. Mbuga ilishika maji, na kingo zake zikageuzwa majaruba ya mpunga. Mji ulizungushiwa ua wa minyaa, zizi likawa katikati, na viazi vilikaushwa kuwa michembe na matobolwa ya kuvusha miezi ya njaa. Vijumba vya masamva, mizimu ya ukoo, viliwekwa uani, na mwenye mji alipofariki alizikwa zizini. Kaburi hilo liliifunga familia na mahali hapo kwa nguvu kuliko hati.

Wageni wa jana waligeuka wenyeji, na pamba ikawapa fedha za kununulia ng'ombe na plau. Chama kikuu cha ushirika cha wilaya kinaitwa Igembe Nsabo, maneno yanayomaanisha kwamba jembe ni mali. Ni vigumu kupata jina linalowafaa zaidi wakulima hawa.

Mabadiliko mawili yaligusa mizizi ya koo hizo. Mwaka 1963 utawala wa watemi ulifutwa, na mgawo wa ardhi ukaondoka mikononi mwa wanangwa. Kisha Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliwataka watu waache miji yao iliyotawanyika na kujenga kwa safu katika vijiji. Mahame yaliyoachwa huitwa matongo. Samadi ya miaka mingi ya zizi huyafanya yawe na rutuba kuliko mashamba yanayoyazunguka, na wakulima huyatambua kwa minyaa iliyobaki imesimama bila nyumba.

Sensa ya 2012 ilihesabu karibu watu 400,000 katika wilaya hii iliyomegwa kutoka Nzega. Nafasi iliyowavuta waanzilishi imekwisha, na wajukuu wengi wamekwenda na ng'ombe wao hadi Rukwa, Usangu na Morogoro, ambako wanaanza tena kama babu zao walivyoanza. Waliobaki huishi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayoikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi. Ugomvi wa mpaka ukitokea, wazee bado huwaongoza wanakijiji hadi shambani kuonyesha safu ya minyaa, mahali pa zizi la zamani, na kaburi la aliyekuja wa kwanza.