Gulio la Somanda na siasa ya mizani

Kiswahili kina maneno matatu ya mahali watu wanapokutana kuuziana vitu: soko, mnada na gulio. Mawili ya mwanzo yana asili ya Kiarabu. Mnada ni kunadi, yaani kuita kwa sauti ili mwenye kutaka apandishe bei. Gulio ni neno letu Wabantu, na Msukuma hahitaji kamusi ili alielewe, kwa kuwa kwake kununua ni kugula. Historia ya uchumi ya Usukuma, ile tunayoifundisha vyuoni, imejaa vituo vya kununulia pamba na minada ya ng'ombe. Gulio halimo, na likitajwa hutajwa kama pambo tu: rangi za khanga, kelele za wachuuzi, harufu ya dagaa. Nadhani tumekosea kulipuuza, kwa sababu gulio ndilo linalotufundisha vizuri zaidi swali lililoitawala historia ya mkulima wa ukanda huu kwa karibu karne nzima. Nani anashika kipimo?

Swali hilo lilinijia kwa uzito nilipokuwa Bariadi kikazi, nikapata Jumamosi moja ya kutembelea wauzaji wa Somanda, kata iliyomo ndani ya mji huo. Anayetarajia soko la pamba atashangaa. Kilichotandazwa chini ni michembe na matobolwa, dengu, choroko, mchele, mtama, karanga, nyanya, na dagaa walioletwa kutoka upande wa Lamadi, ziwani. Pembeni ya vyakula kuna kazi za mikono: vyungu, vikapu, mikeka, vibuyu, kamba za katani, mipini ya majembe, na katambuga zilizokatwa kutoka matairi ya magari. Kwa asiyezijua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa juani, na matobolwa huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa. Vyote viwili ni ghala la familia wakati wa kiangazi. Aviuzaye mwezi ambao mvua bado ziko mbali, basi ujue nyumbani kuna ada ya shule au mgonjwa.

Nilimwamkia bibi mmoja muuza vyungu: "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akanipima kwa macho, akaniambia bei ya mgeni. Tulipozoeana akaishusha. Nilimuuliza juu ya ushuru. Hakulalamikia hapo tulipokuwa. Alizungumzia gulio jingine analokwenda katikati ya wiki, ambalo hakulitaja jina. "Mwanangu," alisema, "kule natoa ushuru kabla sijauza hata kimoja. Nisipouza, narudi na vyungu vyangu, na hela yangu imebaki kwao." Kisha akanionyesha jirani yake aliyekuwa akipimia dengu mnunuzi mwenye pikipiki. Kopo lilikuwa la mnunuzi. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kikatuna kwa nje, na juu alitaka lifurike hadi punje zimwagike.

Biashara katika eneo hili haikuletwa na wakoloni, ingawa vitabu vingi huanzia hapo. Misafara ya Wasukuma ilikuwa ikienda kwa miguu hadi Ziwa Eyasi kuchota chumvi, safari ya kukatisha nyika yenye simba na kiu, na iliendelea hata Waingereza walipokwisha kushika nchi. Majembe ya chuma yalitoka kwa wahunzi Warongo wa upande wa magharibi, na jembe halikuwa zana ya shamba peke yake. Lilitumika pia katika mahari. Kwa hiyo kubadilishana vitu kulikuwa na vipimo vyake, vilivyoeleweka na pande zote mbili. Bibi wa vyungu, kwa namna fulani, bado anaishi katika utaratibu huo. Chungu chake hakipimwi na mtu mwingine. Mnunuzi hukigonga kwa kidole, husikiliza mlio, wanakubaliana au wanaachana.

Ukoloni ulileta kodi ya fedha taslimu, na fedha zilihitaji mahali pa kupatikana. Sheria ya Serikali za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa watemi mamlaka yaliyosimamiwa na Mkuu wa Wilaya, na kila hazina ya wenyeji ikahitaji mapato. Mnada wa ng'ombe ulifaa sana kwa kazi hiyo. Ng'ombe huonekana, huhesabika, na karani akiwa na daftari lake huweza kutoza ada kwa kila kichwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili mnada ulibebeshwa mzigo mwingine. Mpango wa maendeleo wa Usukuma, uliokuwa na makao yake Malya, ulidai kwamba ardhi imeelemewa, hivyo mifugo ipunguzwe. Msukuma aliyeona ng'ombe kuwa benki yake, bima yake na mahari ya wanawe aliambiwa auze kwa manufaa ya udongo. Chuki iliyozaliwa na amri za namna hiyo ndiyo iliyokuja kulipuka mwaka 1958, wakati maelfu walipoandamana kutoka Geita hadi Mwanza.

Lakini mahali ambapo siasa ya kipimo ilionekana wazi kuliko pote ni kwenye pamba. Katika miaka ya 1940 mkulima alibeba pamba yake hadi kituo cha mnunuzi, ambaye kwa kawaida alikuwa mfanyabiashara wa Kiasia aliyewakilisha kiwanda cha kuchambulia. Mizani ilikuwa ya mnunuzi. Aliyeisoma alikuwa mtu wa mnunuzi, na mkulima asiyejua kusoma namba alipokea alichopewa. Bei ilipangwa na serikali, ndiyo, lakini bei ya haki juu ya uzito wa uongo ni wizi ule ule. Nawaomba wanafunzi wangu walikumbuke jambo hili kila wanaposoma takwimu za bei za mazao bila kuuliza nani alipima.

Hapo ndipo anapoingia Paul Bomani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, yeye na wenzake waliokuwa wakiendesha chama cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza hawakuanza kwa kudai uhuru wa nchi. Walianza kwa kuweka wapima mizani wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba. Mkulima akapata mtu wa upande wake wa kutazama sindano ya mizani. Kutokana na wapima mizani hao vilizaliwa vyama vya msingi, kimoja baada ya kingine, na mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho la Victoria, VFCU, lililokuja kununua pamba yote ya Jimbo la Ziwa na kumiliki viwanda vyake. TANU ilipopigwa marufuku katika jimbo hilo tangu 1954 hadi 1958, vyama vya ushirika ndivyo vilivyobaki kuwa shule ya watu ya kukutana, kuchagua viongozi na kusoma hesabu hadharani. Bomani mwenyewe alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Kutoka sindano ya mizani hadi hazina ya taifa: sijui mfano mwingine ulio safi kama huo wa namna madai madogo yanavyoweza kukua.

Ushindi ule, hata hivyo, ulikuwa na upungufu ambao wasifu wa viongozi hauusemi. Kadi ya chama ilikuwa ya mkuu wa kaya, naye kwa kawaida alikuwa mwanamume. Fedha ya pamba iliingia mfukoni mwake, hata kama palizi na uchumaji vilifanywa na mkewe na watoto. Mwanamke alikuwa na gulio. Alichopata kwa michembe, vyungu, vikapu na karanga kilikuwa chake, au karibu na chake, na ndicho kilichonunua chumvi, mafuta ya taa na daftari za shule. Hakuna aliyemwekea mpima mizani. Hakuna aliyeunda shirikisho la wauza vyungu. Ndiyo maana tunapoandika kwamba mkulima wa Usukuma alijikomboa na udanganyifu wa mizani, tunaandika nusu ya habari.

Yaliyofuata wengi wenu mnayajua, nami sitayarefusha. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika na kazi yake ikapewa mamlaka za mazao, pamba ikiwa chini ya Mamlaka ya Pamba iliyoundwa 1973. Mkulima akarudi kule kule kwa mizani ya mwingine, safari hii mwingine huyo akiwa ni Dola yake mwenyewe, na malipo yakiwa ni stakabadhi ya kusubiri. Sheria ya 1982 ikaruhusu vyama virudi, navyo vikaanza tena 1984. Bariadi, iliyokuwa bado Mkoa wa Shinyanga, ikawa chini ya SHIRECU. Biashara ya pamba ikafunguliwa kwa watu binafsi 1994. Katika vurugu ile ya wanunuzi wengi na vyama vilivyofilisika, si ajabu kwamba eneo la Bariadi lilimsikiliza kwa makini John Cheyo wa UDP, ambaye watu walimwita Bwana Mapesa kwa sababu ya ahadi yake ya kuwapa wananchi fedha mkononi. Wasomi wa Dar es Salaam walimcheka. Nadhani hawakuwa wamewahi kusubiri malipo ya pamba. Kuanzia 2018 pamba imerudishwa kwenye vyama vya msingi, ambavyo sasa huitwa AMCOS, na baadaye dengu na choroko zikaingizwa katika mjadala mkali juu ya mfumo wa stakabadhi ghalani.

Katika misukosuko hiyo yote gulio halikufutwa. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka kwenye kaya zilizotawanyika, na gulio likahama nao. Kampeni ya wahujumu uchumi ya 1983 ilijaza magereza wafanyabiashara na kuwatia hofu wachuuzi, na bado watu walihitaji chungu, kamba na kiazi kikavu. Taasisi kubwa zenye katiba, mihuri na magari zilivunjwa na kuundwa upya, wakati mkusanyiko usio na katiba uliendelea kwa sababu kila aliyekuja alikuwa na hoja yake ya kuja.

Kwa watumishi wa halmashauri wanaonisoma, na najua mpo, hapa ndipo ninapotaka tubishane. Sheria zimeanza kuliona gulio, lakini hulitazama kama chanzo cha mapato. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa pamoja na tozo nyingi za kero, na halmashauri zikabaki na vyanzo vichache vya ndani. Ushuru wa masoko ukazidi kuwa na thamani. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na asafirishaye mzigo usiozidi tani moja akaondolewa tozo hiyo. Mwishoni mwa 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Hatua hizi zote zinajibu swali la nani alipe na kiasi gani. Hakuna hata moja inayomgusa yule mwenye kopo lililogongwa kitako.

Wala si kwamba nchi haina sheria ya vipimo. Inayo, na Wakala wa Vipimo wamekuwepo tangu 2002, na vita dhidi ya lumbesa vimetangazwa katika awamu baada ya awamu. Ila lumbesa hupigwa vita barabarani, kwenye gunia la viazi lililokwisha kuwa mali ya mchuuzi wa mjini. Mahali dengu inapotoka mkononi mwa mama mkulima, kwa kisado na kwa kopo, mizani ya serikali haipo. Mwaka 2018, 2019 na 2020 Bariadi iliandaa maonesho ya kitaifa ya Nanenane katika viwanja vya Nyakabindi, yakiwa na mabanda ya kuvutia na matrekta ya kila rangi. Mkoa wenyewe ulijivunia viwanda vyake, chaki za Maswa na maziwa ya Meatu. Sina neno baya juu ya hayo. Nasema tu kwamba mizani moja iliyohakikiwa, ikiwekwa chini ya mti penye gulio, kila mtu akiweza kupima bila malipo kabla hajauza, ni gharama ndogo kuliko banda moja la maonesho. Na ushuru ukitozwa jioni, kwa aliyeuza, mtoza ushuru atapata kazi ngumu zaidi, jambo ambalo halijawahi kumdhuru mtumishi wa umma.

Wapo watakaosema kwamba simu zimelimaliza tatizo, kwa kuwa mkulima sasa anaijua bei ya Mwanza kabla hajatoka nyumbani. Anaijua kwa kilo. Anauza kwa kopo.

Kwa wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu: kumbukumbu za watawala wa kikoloni zina idadi ya ng'ombe waliouzwa minadani na uzito wa pamba iliyonunuliwa, mwaka hadi mwaka. Vyungu havimo, kwa sababu havikuwa na ada ya kuhesabika kwa kichwa. Waliovitengeneza miaka ya 1950 wangali hai wachache, wengi wao wanazungumza Kisukuma peke yake, nao hawatatusubiri tupate ruzuku ya utafiti. Atakayekwenda ajifunze kwanza salamu, na asianze mazungumzo kwa kuuliza habari za pamba.